Tulivyopima anisotropia ya aloi ya iridi na manganizi, na makosa yaliyokula miezi yetu

Kitanzi, yaani mchoro wa usumaku wa sampuli kadiri uga wa sumaku unavyopinduliwa huku na huku, kinajichora kwenye skrini polepole, nukta baada ya nukta, na kinapokamilika unakiona kimekaa kushoto ya sifuri. Tabaka la kawaida la kobalti na chuma lingetoa kitanzi kilichokaa katikati, kwa sababu nguvu ya kuligeuza upande mmoja ni sawa na ya kuligeuza upande wa pili. Hiki kimesogea kwa karibu ersted 400 (ersted ni kipimo cha uga wa sumaku). Kilichokisogeza ni tabaka jingine lililo chini yake, nanomita 10 tu za iridi na manganizi, ambalo magnetometa hailioni hata kidogo. Ukilipima peke yake unapata sifuri.

Ugumu wote wa kazi hii uko hapo. Katika antiferomagneti, usumaku wa kila atomi ya manganizi unafutwa na usumaku wa jirani zake, kwa hiyo nje hakibaki kitu cha kushika. Lakini ndani mna mpangilio, na mpangilio huo una mielekeo unayoipenda kulingana na jinsi fuwele ilivyojengeka. Nishati inayotakiwa kuung'oa kutoka mwelekeo mmoja hadi mwingine, kwa kila mita ya ujazo, ndiyo anisotropia, na wenyewe huiandika K. Ikiwa ndogo, tabaka halishiki kitu. Ikiwa kubwa, linaweza kulishikilia tabaka la jirani kwa miaka bila kuyumba, na ndiyo maana aloi hii imetumika katika vichwa vya kusomea diski ngumu za kompyuta.

Tunaandika haya kwa mwanafunzi au fundi wa maabara anayekabidhiwa kazi hii kwa mara ya kwanza. Sisi tuliianza tukidhani tunakwenda kupima namba moja. Ilituchukua muda kuelewa kwamba K haipimwi. Kinachopimwa ni K mara ujazo wa punje, na karibu kila kosa tulilofanya lilitokana na kulisahau hilo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusitumie uga mkubwa wa sumaku tukaugeuza mpangilio moja kwa moja. Nguvu inayozifanya atomi jirani zipingane katika aloi hizi ni sawa na uga wa mamia ya tesla, wakati sumaku-umeme ya kawaida ya maabara inafika tesla 2 au hivi. Neutroni zingesaidia, kwa kuwa zinaweza kuonyesha usumaku wa atomi umepangikaje ndani ya fuwele, ila utando wa nanomita 10 una atomi chache mno, na iridi nayo ni miongoni mwa metali zinazomeza neutroni kwa pupa. Imebaki njia ya joto.

Mhamo wa kitanzi wenyewe ulionwa mwaka 1956 na Meiklejohn na Bean, kwenye chembe za kobalti zilizofunikwa na oksidi yake. Namna ya kuutumia kupima K katika tando zilizojengwa kwa punje nyingi ilikuzwa zaidi Chuo Kikuu cha York, Uingereza, na kundi la Kevin O'Grady, ambalo mwaka 2010 lilichapisha mapitio marefu ya njia hiyo. Wazo lake ni hili: utando wa iridi na manganizi si kipande kimoja, ni maelfu kwa maelfu ya punje zilizosimama bega kwa bega, na kila punje inajitegemea. Ili mpangilio wa punje ugeuke, lazima uvuke kizuizi chenye kimo cha K mara V, V ikiwa ni ujazo wa punje. Joto ndilo linaloisukuma. Punje ndogo inavuka kwa joto dogo, kubwa inasubiri joto kubwa. Ukijua ni kwa joto gani punje za ujazo fulani zimegeuka, na zilipewa muda gani, unaweza kurudi nyuma ukaipata K.

Safari yetu ilianza kwa hasara ya kitoto kabisa. Tulipoagiza shabaha, yaani sahani ya aloi ambayo ioni za argoni huigonga ili atomi zirukie kwenye sampuli, tuliandika kwenye fomu "iridi 20, manganizi 80". Hatukusema ni asilimia za atomi au za uzito. Iridi ni nzito: atomi yake moja ina uzito wa zaidi ya mara 3 wa atomi ya manganizi. Asilimia 20 ya atomi ni karibu asilimia 47 ya uzito. Na ukigeuza, asilimia 20 ya uzito inakupa chini kidogo ya asilimia 7 ya atomi, na hiyo ndiyo tuliyoletewa. Mhamo ulikuwa mdogo mno. Tukapoteza wiki tukibadilisha shinikizo, tukibadilisha unene, tukisafisha mashine, kumbe aloi yenyewe siyo. Iridi ina bei ya kutisha, na shabaha iliyokwisha kuyeyushwa hairudishwi. Andika asilimia za atomi kwa maneno kamili, kisha piga hesabu ya uzito na uiweke pembeni yake. Mtengenezaji akiona namba mbili zinazokubaliana hawezi kukosea.

Hata shabaha ikiwa sahihi, utando hautoki na mchanganyiko uleule. Manganizi na iridi hazirushwi wala hazitawanyiki sawasawa, hivyo pima mchanganyiko wa utando wenyewe kwa eksirei za hadubini ya elektroni, na fanya hivyo kwenye utando mnene wa nanomita 100 uliotengenezwa kwa masharti yaleyale. Kulenga iridi asilimia 18 hadi 25 ya atomi kunatosha kukuweka mahali salama.

Shabaha yenye manganizi nyingi ni ngumu lakini inakatika kama kigae. Ukiiwasha kwa wati 100 ghafla inaweza kupasuka kwa sababu uso unapata joto huku mgongo ukiwa umepozwa kwa maji. Panda kwa wati 10 kila dakika. Kisha acha mlango mdogo wa kuzuia ukiwa umefungwa kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kuanza kutengeneza sampuli, maana manganizi inashika oksijeni kwa haraka na uso wa shabaha uliolala usiku kucha unakuwa umeshavaa oksidi. Kwa sababu hiyohiyo, ombwe la kuanzia liwe chini ya 5 × 10⁻⁸ millibari kabla ya kuingiza argoni. Tulijaribu kuanza kwa 10⁻⁶ siku moja tulipokuwa na haraka. Utando ulitoka, eksirei ilionyesha fuwele, lakini mhamo ulikuwa pungufu na haukurudiwa sampuli kwa sampuli. Hatukuzitumia sampuli zile kwa lolote.

Mpangilio wa matabaka tuliobaki nao ni huu, kutoka chini kwenda juu: kipande cha silikoni chenye oksidi yake, tantali nanomita 5, rutheni nanomita 5, iridi-manganizi nanomita 10, kobalti-chuma nanomita 3, na tantali nanomita 5 ya kufunika. Tantali ya chini inaficha silikoni na kutoa uso laini. Rutheni ndiyo mbegu: atomi zake zimejipanga kwa pembe sita, na iridi-manganizi inayotua juu yake inafuata mkao huo, uso wake wa (111), ule ambao atomi zimebanana zaidi, ukiwa umelala sambamba na kipande. Hili si jambo la urembo. Anisotropia ya aloi hii inaweza kubadilika mara kadhaa kwa kubadilisha mbegu peke yake, kwa sababu mbegu inaamua fuwele zimesimama vizuri kiasi gani. Ndiyo maana mtu akikutajia K ya iridi-manganizi bila kukwambia mbegu, hajakwambia kitu.

Chimbuko la nguvu hiyo ni iridi. Manganizi inaleta usumaku, lakini elektroni zake za nje zimejaa nusu kwa namna ambayo hazijali sana mwelekeo wa fuwele. Iridi haina usumaku mkubwa wake yenyewe, ila ni nzito, na katika atomi nzito spini ya elektroni (sifa yake inayoleta usumaku) imefungamana sana na mzunguko wake. Elektroni za manganizi zinapochanganyika na za iridi zinapata hisia ya mwelekeo. Mahesabu ya mwaka 2009 kuhusu aloi iliyopangika ya IrMn₃ yalionyesha anisotropia kubwa ajabu kutokana na hali hiyo. Linganisha na aloi ya chuma na manganizi, ambayo haina metali nzito: anisotropia yake ni ndogo, inaanza kulegea karibu na nyuzi 150 za selsiasi, tena inaoza kwa kutu.

Hakiki mkao wa fuwele kwa eksirei kabla ya kupima kingine chochote. Kwa eksirei za shaba, mlima wa (111) wa iridi-manganizi unatokea kwenye pembe ya karibu nyuzi 41.4 (2θ). Ule wa rutheni uko karibu na 42.2, na katika tando nyembamba milima hii inaingiliana. Hapo awali tulihesabu mlima wa rutheni kama wetu, tukajipongeza kwa mkao mzuri ambao haukuwepo. Dawa ni kutengeneza sampuli moja isiyo na iridi-manganizi, ukaipima, ukaitoa kwenye ile nyingine.

Sasa tufike kwenye punje, ambako ndiko kazi inakoshinda au kushindwa.

Weka wavu mdogo wa shaba uliopakwa kaboni ndani ya mashine pamoja na sampuli, siku hiyohiyo, kwenye awamu hiyohiyo, kisha uupeleke kwenye hadubini ya elektroni. Usitumie wavu wa wiki iliyopita ukisema masharti ni yaleyale. Pima vipenyo vya punje zisizopungua 500. Tulianza na 120, kwa sababu kuzichora mpaka kwa mkono kunachosha macho na mgongo, na mkunjo wa mgawanyo ulionekana mzuri tu. Tulipofika 500 kipenyo cha katikati kilisogea kwa karibu nanomita 1. Inaonekana kitu kidogo. Lakini ujazo wa punje ni eneo lake mara unene, na eneo linakwenda kwa mraba wa kipenyo: kutoka nanomita 8 hadi 9, ujazo unapanda kwa asilimia 27, na K yako inashuka kwa asilimia 21. Ni miongoni mwa hitilafu kubwa kabisa katika kazi hii nzima.

Kuna mtego wa pili hapohapo, na huu tuliugundua tukiwa tumeshaandika matokeo. Vipenyo vya punje vinafuata mgawanyo wa logi: punje ndogo ni nyingi, kubwa ni chache lakini zinachukua eneo kubwa. Mhamo wa kitanzi haujali idadi ya punje, unajali eneo zinalolishika tabaka la juu. Kwa hiyo punje ya katikati unayoitafuta ni ile inayogawa eneo nusu kwa nusu, siyo inayogawa idadi. Ikiwa upana wa mgawanyo, kwa maana ya sigma ya logi, ni 0.3, kipenyo cha katikati kwa eneo ni kikubwa kuliko cha katikati kwa idadi kwa asilimia 20, na ujazo kwa asilimia 43. Tuliurudia ukokotoaji wote. Iliuma, lakini namba za sampuli tatu ambazo zilikuwa zikigombana zikakaribiana.

Baada ya punje ni kupanga. Utando ukitoka kwenye mashine, punje zake zinaelekea huku na huku. Unaupasha joto ndani ya uga wa sumaku unaolishibisha tabaka la kobalti-chuma, ersted 1,000 hadi 2,000 zinatosha, unakaa hapo dakika 90, kisha unaupoza ukiwa bado ndani ya uga. Tabaka la juu linaziambia punje za chini zielekee wapi. Sisi tulitumia kelvini 498, yaani nyuzi 225 za selsiasi. Usipande sana ukitafuta ukamilifu: kuanzia karibu nyuzi 300, manganizi inaanza kuhama na kuingia kwenye kobalti-chuma, na ikishahama hairudi.

Kwa upande wa chini, usidhani joto hilo limepanga punje zote. Tutalipigia hesabu muda si mrefu.

Kosa lililotugharimu zaidi lilikuwa kupimia kwenye joto la chumba bila kujiuliza. Vitanzi vilikuwa vinatoka vizuri, lakini sampuli ileile ikipimwa Jumatatu na Alhamisi ilitoa mhamo tofauti, na ukipima haraka ulitoka tofauti na ukipima taratibu. Tulilaumu umeme, tulilaumu gundi, tulikagua kila waya. Sababu ilikuwa punje ndogo. Kwenye joto la chumba zilikuwa zinageuka zenyewe wakati uga unapinduliwa kupima kitanzi, kwa hiyo kipimo chenyewe kilikuwa kinaiharibu hali kinayotaka kuisoma. Lazima ushuke hadi joto ambalo hakuna punje inayogeuka ndani ya muda wa kipimo. Kwa sampuli zetu za punje ndogo ilibidi kutumia naitrojeni iliyo kimiminika na kupimia kwenye kelvini 100.

Namna ya kuhakikisha umefika ni rahisi na haina gharama. Panga sampuli, ipoze, pindua uga upande wa pili, iache dakika 30 kwenye joto hilohilo la baridi, kisha chora kitanzi. Ikiwa mhamo haujapungua, upo salama. Ukipungua, shuka zaidi. Tungelifanya jaribio hili siku ya kwanza, tungeokoa karibu miezi miwili.

Kipimo chenyewe kinakwenda hivi. Sampuli imepangwa na kupozwa. Unapindua uga kuelekea upande ulio kinyume na ule wa kupangia, unapandisha joto hadi hatua ya kwanza, tuseme kelvini 320, unakaa dakika 30 kamili, unarudi kwenye baridi, unachora kitanzi. Kisha 340, kisha 360, hadi ufike joto la kupangia. Kila hatua inageuza punje kubwa zaidi kidogo, na mhamo unapungua, unapita sifuri, unakwenda upande wa pili. Lile joto ambalo mhamo ni sifuri kamili ndilo unalolitafuta: nusu ya eneo lililopangwa limegeuka na nusu halijageuka. Ukifika joto la kupangia, mhamo uwe karibu sawa na ule wa mwanzo, ila kwa alama iliyopinduka. Usipofika huko, kuna kitu kimeharibika njiani.

Chora vitanzi viwili kila mara na utumie cha pili. Kitanzi cha kwanza baada ya kupoza kina umbo lake, upande wa kushoto ukiwa umenyooka zaidi, na tofauti hiyo inapotea kwenye cha pili. Inatokana na spini za mpakani kati ya matabaka mawili, haihusiani na joto wala na K. Ukichanganya vya kwanza na vya pili kwenye mkunjo mmoja utapata meno ya msumeno na hutajua yametoka wapi.

Hatua moja, ukijumlisha kupasha, kukaa, kupoza na vitanzi viwili, inakula takriban dakika 100. Hatua 12 ni saa 20. Jipange na mwenzako wa zamu, wala usikatize katikati ukaendelea kesho bila kupanga sampuli upya.

Vitu vidogo vinavyoharibu kazi kubwa: kibano cha chuma kinaacha vumbi la chuma kwenye kingo za sampuli, na vumbi hilo lina usumaku wake. Tumia cha plastiki au titani. Kipande cha milimita 5 kwa 5 chenye kobalti-chuma ya nanomita 3 kina usumaku wa takriban 1 × 10⁻⁴ emu tu (emu ni kipimo cha zamani cha usumaku), hivyo hata chembe isiyoonekana kwa macho inaleta uongo. Gundi za kawaida zinachemka na kuachia mvuke kabla ya kelvini 500, tumia saruji ya kauri. Na kipimajoto kikae kwenye sampuli, siyo kwenye ukuta wa tanuri. Sisi tulikuta tofauti ya kelvini 10 kati ya sehemu hizo mbili.

Sasa hesabu. Chukua joto la mhamo sifuri kuwa kelvini 450, muda sekunde 1,800, na idadi ya majaribio ya punje kuvuka kizuizi kuwa 10⁹ kwa sekunde. Logi asilia ya 1.8 × 10¹² ni 28.2. Zidisha kwa kiwango cha Boltzmann (namba isiyobadilika inayogeuza joto kuwa nishati) na kwa 450, unapata kizuizi cha jouli 1.75 × 10⁻¹⁹. Punje ya katikati kwa eneo, miongoni mwa zilizopangwa, ina kipenyo cha nanomita 8 na kimo cha nanomita 10: ujazo wake ni nanomita za ujazo 503. Gawanya: K ni jouli 3.5 × 10⁵ kwa mita ya ujazo.

Lakini hiyo ni K kwenye kelvini 450. Anisotropia inapungua kadiri joto linavyokaribia jotoridi la Néel, yaani joto ambalo mpangilio wa antiferomagneti unavunjika, ambalo kwa aloi hii isiyopangika ni karibu kelvini 690, na ukichukulia inashuka kwa mstari ulionyooka, kwenye kelvini 293 unazidisha kwa 1.65. Inatoka jouli 5.8 × 10⁵ kwa mita ya ujazo, au erg 5.8 × 10⁶ kwa sentimita ya ujazo kwa wanaotumia vipimo vya zamani. Usisahau hatua hii. Tumeona watu wakilinganisha K ya joto la kipimo na K ya joto la chumba ya mtu mwingine na kuanzisha ubishi usio na msingi.

Ukishaipata K, igeuze ikuonyeshe punje zako. Kwa namba hizo, punje yenye kipenyo chini ya nanomita 5.0 inageuka yenyewe kwenye joto la chumba ndani ya nusu saa. Na kwa dakika 90 za kelvini 498, punje yenye zaidi ya nanomita 9.6 haikupangwa kabisa. Kinacholeta mhamo ni zile zilizo kati ya mipaka hiyo miwili. Ndiyo maana tulisema "miongoni mwa zilizopangwa": ukiingiza kwenye mgawanyo punje kubwa ambazo joto lako halikuzifikia, unaigawa kwa ujazo ambao haukushiriki. Inabidi kuzunguka mara mbili au tatu, ukikadiria K, ukikata mgawanyo, ukikokotoa upya, mpaka namba itulie.

Fahamu pia kila dhana inakuvuta kiasi gani. Kelvini 10 za makosa kwenye joto la mhamo sifuri zinabadilisha K kwa karibu asilimia 7. Ukiweka jotoridi la Néel kelvini 650 badala ya 690, K inapanda asilimia 8. Muda wa hatua ukiwa mara 3, asilimia 4 tu, kwa kuwa umefichwa ndani ya logi. Idadi ya majaribio kwa sekunde ina uzito zaidi: ukichukua 2.1 × 10¹², kama baadhi ya watafiti wanavyofanya, badala ya 10⁹, K inapanda asilimia 27. Hakuna ubaya kuchagua mojawapo, ila iandike waziwazi, maana matokeo mawili yaliyotumia namba tofauti hayalinganishiki.

Jambo moja tunalolisisitiza kwa moyo wote: ukubwa wa mhamo siyo K. Mhamo unategemea jinsi matabaka mawili yalivyoshikana mpakani, na unategemea unene wa tabaka la juu. Ukipunguza kobalti-chuma kutoka nanomita 6 hadi 3, mhamo unaongezeka mara 2 na antiferomagneti haijabadilika chochote. Uso wa mpakani ukiwa mchafu, mhamo unaanguka ilhali joto la mhamo sifuri linabaki palepale. Tulikuwa na sampuli mbili, moja yenye mhamo mkubwa na nyingine mdogo, na kwa muda mrefu tuliiita ya kwanza "yenye anisotropia kubwa". Joto la mhamo sifuri lilikuwa lilelile kwa zote mbili. Tofauti ilikuwa mpakani tu.

Wanaofanyia kazi platini-manganizi wana hatua moja ya ziada. Aloi hiyo ikitoka kwenye mashine si antiferomagneti inayofaa, kwa sababu atomi zake zimechanganyika ovyo. Inabidi iokwe saa kadhaa kwenye nyuzi 250 hadi 280 za selsiasi ili platini na manganizi zijipange safu kwa safu na fuwele ibadilike umbo. Kabla ya hapo hakuna K ya kupima. Na baada ya hapo mgawanyo wa punje siyo tena ule wa kabla ya kuoka, kwa hiyo wavu wa hadubini uokwe pamoja na sampuli.

Ukimaliza mkunjo, usiitoe sampuli bado. Ipange upya kwa joto na muda uleule wa mwanzo, ipoze, chora vitanzi viwili, na ulinganishe mhamo wa sasa na ule wa siku ya kwanza. Ukiwa ndani ya asilimia 2, sampuli ni nzima na mkunjo unaaminika. Ukiwa umepungua zaidi, manganizi imeshaanza kuhama: rudia kwa sampuli mpya na usimamishe hatua nyuzi 20 chini ya pale ulipoishia.